Nimevaa sensa ya sukari hapa Moshi: inafaa pesa yake?

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi. Karibuni. Leo nimevaa blauzi ya mikono mifupi makusudi, muone hiki kidude cheupe nyuma ya mkono wangu wa kushoto. Sogeza kamera kidogo, hapo hapo. Hii ndiyo sensa ya sukari mnayoniulizia kila mara. Ni FreeStyle Libre 2 ya Abbott, upana milimita 35, unene milimita 5. Nimenunua kwa hela yangu, hakuna duka wala kampuni iliyonipa kitu.

Kwa mgeni: mimi nina kisukari aina ya kwanza, najichoma insulini kila siku, naishi Moshi na nakula vya hapahapa. Kwa hiyo mengi nitakayosema yanamhusu mtu wa insulini. Wewe wa vidonge usiondoke, nitakufikia.

Jibu nalitoa mapema, mwenye haraka aende zake: inafaa. Wengi wanaitaka ili waache kutoboa vidole. Sawa, lakini mimi ningekuambia inunue kwa ajili ya mshale.

Kwanza kuibandika. Unafuta ngozi kwa spiriti, unaiacha ikauke kabisa, unaweka kibandikio nyuma ya mkono sehemu ya juu, unasukuma. Tah! Imeisha. Sindano inaingia na kutoka palepale, kinachobaki chini ya ngozi ni kiuzi laini cha kama milimita 5. Kati ya hii na kutoboa kidole, kidole ndicho kinauma. Unasubiri saa moja, inaanza kusoma. Inafanya kazi siku 14, halafu inajizima hata kama gundi bado imeng'ang'ania. Na hapa lazima tuelewane: haipimi damu. Inapima sukari kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, chini ya ngozi. Sukari inapita kwenye damu kwanza ndipo ifike huko, kwa hiyo sensa inachelewa dakika kadhaa, tuseme 5 mpaka 10. Ukiwa umetulia tofauti ni ndogo. Sukari ikiwa inakimbia, tofauti unaiona.

Sasa mshale. Mashine ya kidole inakupa namba. 6.2, kwa kipimo cha mmol/L. Vizuri, ila hiyo 6.2 inaelekea wapi? Juzi niko soko la Mbuyuni nachagua ndizi, napitisha kisomaji, kile kifaa kinachoonyesha namba za sensa, juu ya mkono, kinasema 6.2 na mshale umetazama chini wima. Kwa mashine ya kidole hapo unasema niko salama, unaita boda, unaondoka. Lakini mshale ule maana yake sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika. Piga hesabu: dakika 20 tu niko kwenye 4, ukingoni mwa sukari ya chini, niko juu ya pikipiki, mfuko wa ndizi mapajani. Nikaomba kreti kwa mama muuza nyanya, nikakaa, nikanywa soda nusu chupa, ile ya sukari yenyewe. Mama wa watu akaniuliza kama nimefunga. Baada ya muda kidogo mshale ukalala, nikaendelea na ndizi zangu.

Na tukishafika kwenye ndizi, tuongee chakula, maana hapa nina mengi.

Insulini za kawaida tunazopewa wengi kliniki, ile ya muda mfupi na ile ya mchanganyiko, zinatakiwa zichomwe nusu saa kabla ya kula. Kila nesi anasema, na sote tunaitikia ndiyo. Kuuona mchoro wa sukari kwenye kisomaji ndiko kunakofanya uamini. Ukichoma na kukaa mezani palepale, mstari unapanda wee, unafika 13, 14, halafu insulini ndiyo kwanza inaamka, na saa mbili tatu baadaye unatetemeka. Ukisubiri nusu saa yako, chakula kilekile, dozi ileile, mstari unakuwa kilima kidogo tu. Mimi hilo peke yake lilinirudishia hela ya sensa.

Halafu mtori. Wachaga wenzangu msinipige. Mtori na machalari ni ndizi ileile na nyama ileile, lakini mtori umeshapondwa, tumbo halina kazi tena, na kwangu unapanda haraka mno. Machalari yenye vipande na nyama ya kutosha yanakwenda taratibu. Ndizi ikianza kuiva ndiyo usiseme, maana wanga wake unageuka sukari kadiri inavyoiva. Sijaacha mtori, ieleweke. Napunguza bakuli, nachoma mapema, na nikimaliza natembea kutoka Soweto mpaka mjini badala ya kupanda gari. Ule mwendo unauona kabisa kwenye mchoro, mstari unakatika kama umekatwa na mkasi.

Chapati inadanganya. Saa moja baada ya kula unaona 9, unafurahi. Mafuta yanachelewesha, sukari yenyewe inakuja saa ya tatu, wakati umeshasahau ulikula nini. Nyama choma na ndizi za kuchoma vilevile. Kwa kupima kidole saa mbili baada ya kula, hiyo huikamati.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo niseme, kwa sababu watu wanaangalia utamu wake wakidhani hatari ni kupanda tu. Pombe inalifunga ini lisitoe sukari ya akiba, kwa hiyo aliyechoma insulini anaweza kupanda jioni akashuka usiku akiwa usingizini. Kengele ya sensa, inayolia sukari ikishuka, hapo ina thamani yake. Kuna pia wale wanaoamka na 9 wakati walilala na 6 na hawajala chochote. Mara nyingi ni homoni za alfajiri zinazolisukuma ini, hujarogwa na wala hakuna aliyekuwekea sukari kwenye maji.

Tatizo langu kubwa nayo ni usiku. Saa nane za usiku kengele inalia, nyumba nzima macho, kisomaji kinasema 3.1. Natoboa kidole: 6.0. Nilikuwa nimelalia mkono. Ukiugandamiza, majimaji hayapiti vizuri pale, sensa inaona upungufu ambao haupo. Ungekimbilia asali bila kuhakikisha, asubuhi ungeamka na 15. Mwenye kulala ubavu wa kushoto abandike kulia. Na ndiyo maana nasema mashine yako ya kidole usimpe mtu: ukihisi kitu tofauti na sensa inavyosema, kidole ndicho kinaamua. Kisomaji cha Libre 2 chenyewe kina tundu la stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, ila kinataka stripu zake.

Vingine vya kuvuruga: vidonge vya vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku vinaweza kufanya Libre 2 isome juu kuliko ukweli, na watu wa mafua mnavitafuna kama peremende. Kwa upande wa Dexcom, sensa za kampuni nyingine, hydroxyurea, dawa ya selimundu, inapandisha usomaji kwa uongo, kwa hiyo mwenye selimundu na kisukari amwambie daktari kabla. Na ukipelekwa kipimo cha MRI, waambie kwanza umevaa sensa, waseme kama itolewe.

Waongoza watalii na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, hii ni yenu. Libre 2 mtengenezaji ameiandikia mwisho wa mita 3,048. Kambi ya Mandara ni 2,720, uko ndani. Horombo ni 3,720, umeshatoka. Kibo na Uhuru ndiyo kabisa. Haina maana itazima pale, maana yake namba zake huko juu hakuna aliyekuahidi. Panda na mashine ya kidole pia, ibebe karibu na mwili isipate baridi, insulini hivyohivyo, ikiganda haifai tena.

Kuinunua. Bei sitaji, kwa sababu inategemea nani kakuletea na kutoka wapi. Fanya hivi: chukua bei uliyoambiwa, zidisha mara 26, hiyo ndiyo gharama ya mwaka mzima bila kukatika. Mimi sivai mwaka mzima, siwezi. Angalia tarehe ya mwisho kwenye boksi, uliza imehifadhiwaje, maana boksi lililokaa kwenye dashibodi ya gari juani si la kuaminika. Kama unataka kutumia simu badala ya kisomaji, hakikisha kwanza programu yake inashuka kwenye simu yako ukiwa Tanzania, kwa sababu programu hizi zinafunguliwa nchi kwa nchi. Kisomaji kikija kinasoma 110 badala ya 6.1 usishtuke, ni kipimo kingine, mg/dL, gawanya kwa 18. Na Libre 2 inakumbuka saa 8 tu, ukikaa muda mrefu bila kuipitishia kisomaji, mchoro unabaki na pengo.

Zile saa na pete zinazotembezwa mitaani na mitandaoni kwamba zinapima sukari bila kutoboa chochote, achana nazo. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha hata moja. Mtu achome insulini kwa namba ya saa ya aina hiyo? Hapana jamani.

Wewe wa vidonge, nilikuahidi. Huhitaji kuivaa kila siku. Vaa moja, wiki mbili za kawaida, uandike kwenye daftari unachokula na saa. Usichague wiki mbili za mwisho wa Desemba, ndafu na ndugu wote wa Dar wakiwa nyumbani, hayo siyo maisha yako. Ukienda kliniki, Mawenzi, KCMC au popote, nenda na mchoro na daftari. Wataangalia muda uliokaa kati ya 3.9 na 10.0. Kwa watu wazima wengi lengo ni zaidi ya asilimia 70, kama saa 17 kwa siku, ila mzee au mama mjamzito hupangiwa lake. Dozi usibadilishe mwenyewe kwa sababu umeona mstari umepanda.

Na kama hela iliyopo ni ya kitu kimoja, insulini na stripu vinatangulia. Sensa itasubiri, nasema hivyo hata kama naipenda.

Ya mwisho, kibandikio. Ukishatumia, ndani kina sindano. Kirudishie kifuniko, weka kwenye dumu gumu la plastiki pamoja na sindano zako za insulini, likijaa lipeleke hospitali. Kwenye takataka za nyumbani hapana, vijana wanaookota chupa wanapekua kwa mikono mitupu.