IST yenye kilometa 218,000: inunuliwe au iachwe?

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni sana. Leo nipo na gari ambayo wengi mmekuwa mkiniulizia: Toyota IST toleo la kwanza, lile lililotoka 2002 mpaka 2007, injini ya 1.3. Ni namba C, yaani herufi za namba yake ya usajili zinaanza na C, na hapa katikati ya dashibodi inasoma kilometa 218,000 na ushee. Najua namba hiyo inawashtua. Dalali atakwambia kuna nyingine mtaa wa pili, namba C hiyohiyo, ina 96,000 tu, ila bei imechangamka kidogo. Wengi mtaikimbilia hiyo. Nawaomba msiikimbilie.

Gari iliyoendeshwa Japani, ikapanda meli, ikaja kukaa kwenye foleni za Dar miaka zaidi ya kumi, kuwa na kilometa 96,000 si jambo la kawaida. Na kurudisha kilometa nyuma ni kazi ndogo sana kwa mwenye kifaa. Kwa hiyo dashibodi isikuuzie gari. Sogea hapa tuangalie pedali ya breki. Umeuona huu mpira? Mistari yake imefutika upande wa kulia, umebaki laini kama ganda la yai. Usukani nao unang'aa pale mkono unaposhika, na kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlangoni. Hii gari inasema 218,000 na mwili wake unasema hivyohivyo. Ukikuta pedali kama hii kwenye gari ya 96,000, mshukuru mwenye gari, uondoke.

Tufungue boneti. Injini hii ni 2NZ, silinda nne, na inatumia cheni, haina ule mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya kilometa 100,000. Hilo ndilo linalonifanya nisiogope kilometa nyingi. Lakini cheni inaishi kwa oili. Mtu akichelewesha kumwaga oili, cheni inalegea, ringi za pistoni zinaganda kwa uchafu, na injini inaanza kula oili. Ndiyo maana namuuliza mwenye gari swali moja kabla ya yote: mara ya mwisho umemwaga oili lini, na ulitumia oili gani? Huyu wa leo ameniletea risiti zake kwenye bahasha, na stika ya fundi ipo hapa na kilometa zimeandikwa. Kwangu bahasha hiyo ina thamani kuliko rangi mpya.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza, iwe ya baridi. Iwashe mwenyewe, mwenzako asimame nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Iache sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika kadhaa, kisha kanyaga mafuta ghafla, uangalie tena. Ila mfuniko wa rejeta ufungue kabla ya kuiwasha, injini ikiwa bado ya baridi, tafadhali, ikiwa ya moto utaungua. Ukikuta maji yenye kutu badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, au utelezi wa oili juu yake, fikiria gasketi ya silinda hedi, na hiyo ni pesa nyingi.

Na hili naomba mlishike. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameizima makusudi ili usijue tatizo. Ni wizi, na unawaumiza watu waliojinyima miaka kupata gari ya kwanza.

Giaboksi ni otomatiki ya gia nne. Kanyaga breki, toa P weka R ya kurudi nyuma, kisha D ya kwenda mbele. Ikichelewa kushika au ikikupiga kishindo, acha. Hii imeshika vizuri. Miguu, yaani vile vyuma na mipira inayobeba gari juu ya matairi, ndiyo yenye kasoro: tumepita kwenye matuta, mbele kushoto inagonga. Bushi na linki za stabilaiza zimekwisha, shokapu moja inavuja. Sio jambo la kutisha, spea za IST zimejaa Kariakoo na nyingi zinaingiliana na Vitz ya miaka ile.

Vuta pia mikanda ya viti mpaka mwisho. Ukiona mstari wa tope kule ndani, gari iliwahi kuzama kwenye mafuriko. Hata iwe bei gani, iache.

Mafuta: kwa foleni ya mjini hesabu kama kilometa 12 kwa lita. Mtu wa Mbezi anayeshuka Posta na kurudi, zaidi ya kilometa 40, atachoma lita tatu na nusu mpaka nne kwa siku. Kama ulikuwa unapanda daladala peke yako, gari haitakuokolea pesa, nakwambia ukweli. Kama mnatoka watatu nyumbani, au ulikuwa mtu wa bajaji na teksi kila siku, hapo kuna unafuu.

Una milioni 10? Tafuta gari ya milioni 8. Zinazobaki ni za kumwaga oili zote, breki, matairi, bima na kubadilisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Kadi ya gari iwe ya asili, namba ya chasisi ilingane, na faini za trafiki zilipwe kabla hujatoa hela. Ukiambiwa kadi ipo kwa mtu, huenda imewekwa rehani.

Hii ya leo naipitisha. Ila nenda na fundi wako, aandike gharama ya bushi, linki na shokapu mbele ya mwenye gari, na kiasi hicho kitoke kwenye bei.