Kompresa yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, ila haikuwa ya kazi yangu

Ninatengeneza makabati na milango, na kwenye karakana yangu zipo kompresa mbili za upepo. Ya kwanza niliichagua kwa kuangalia ukubwa wa tangi na nguvu farasi za mota. Ya pili niliichagua kwa kuangalia kitu kingine kabisa, na laiti ningekijua mapema, milango kadhaa ingepona.

Ile ya kwanza ni ndogo: tangi la lita 24, nguvu farasi moja na nusu, haitumii oili, na mota inasukuma pistoni moja kwa moja bila mkanda. Kwa kujaza upepo matairi, kupuliza vumbi la mbao na kupigilia misumari midogo, niliipenda tangu siku ya kwanza na bado naipenda. Naibeba kwa mkono mmoja. Naweza kuilaza ubavu kwenye buti ya gari bila hofu ya oili kumwagika.

Matatizo yalianza siku nilipoifunga bunduki ya kupulizia rangi. Ubao wa kwanza ulitoka laini kama kioo. Wa pili sikuufikisha hata nusu: ukungu wa rangi uligeuka matone, matone yakaanza kuteremka. Kutazama geji, presha imetoka bar 8 mpaka chini ya 3, na mota inanguruma bila kupumzika. Nilisubiri ijae, nikaendelea, ikashuka tena. Mwishowe swichi ya joto ikaizima yenyewe. Mlango wote niliusugua msasa na kuanza upya.

Nilidhani ni mbovu. Haikuwa mbovu hata kidogo. Bunduki yangu inataka lita 200 za upepo kwa dakika. Lebo ya kompresa iliandikwa lita 180, tofauti ambayo mtu angeona ni ndogo, lakini namba hiyo ni ya upepo ambao pistoni inauvuta, si ule unaotoka kwenye mpira. Ukiubana upepo, sehemu yake inapotea kwa joto na kwa nafasi inayobaki juu ya pistoni. Nikapima mwenyewe: nilimwaga upepo wote, nikafunga koki, nikawasha na kuhesabu muda hadi geji ifike bar 8. Dakika moja na sekunde 50. Tangi la lita 24 mara bar 8 ni lita 192 za upepo wa kawaida, yaani usiobanwa, kwa hiyo mashine ilikuwa ikinipa takriban lita 105 kwa dakika. Nusu tu ya nilichohitaji! Kipimo hiki hakikugharimu chochote, na ningemshauri yeyote anayenunua kompresa iliyotumika akifanye hapo hapo mbele ya muuzaji.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya tangi. Tangi ni akiba, halizalishi upepo. Bunduki inakula 200, pampu inaleta 105, pengo ni 95 kila dakika. Akiba yangu kati ya bar 8 na bar 3 ilikuwa lita 120, yaani kama dakika moja na robo ya kupaka. Ningeweka tangi la lita 50 kwenye pampu ile ile ningepata dakika mbili na nusu hivi, halafu ningekwama pale pale.

Kompresa ya pili ina tangi la lita 100, nguvu farasi 3, silinda mbili, inatumia oili na inazungushwa kwa mkanda. Lebo inasema lita 350. Kwa kipimo changu inatoa kama 240. Inatosheleza bunduki na inabaki na nafasi kidogo ya kupumua, jambo muhimu, maana kompresa nyingi za pistoni hazikuundwa kukimbia kutwa nzima. Mkanda unaifanya pampu izunguke polepole kuliko mota. Ile ndogo inazunguka zaidi ya mara 2,800 kwa dakika na inapiga kelele kali. Bila vizuia sauti masikioni sisimami karibu nayo. Hii kubwa ina mngurumo mzito, lakini mtu akiniita nasikia.

Ina usumbufu wake pia. Haibebeki. Kiwango cha oili nakiangalia kila kabla ya kuwasha, na naweka oili ya kompresa, si ya injini ya gari. Chembe za oili husafiri na upepo, zikifika kwenye rangi zinaacha vitundu vidogo vya mviringo ambavyo havifunikiki hata ukipaka tena. Nilifunga chujio, na nililifunga mwisho wa mpira badala ya karibu na mashine, kwa sababu upepo unatoka ukiwa moto na maji yake hayajitengi mpaka upoe. Pia ilikataa kuwaka nilipoiunganisha kwa waya mrefu mwembamba wa kuongezea: mota iliguna tu bila kuzunguka. Sasa naichomeka moja kwa moja ukutani na kurefusha mpira wa upepo badala ya waya.

Jambo ambalo sitaki mtu alipuuze ni maji ya tangi. Kila jioni nashusha presha, nafungua koki ya chini, na siku za unyevunyevu hutoka kama kikombe kizima cha maji yenye rangi ya kutu. Maji hayo yakikaa, chuma kinaliwa kutoka ndani pasipo mtu kuona, na tangi lililokonda likipasuka likiwa limejaa upepo linaua. Tangi lililotoboka kwa kutu halichomelewi, linatupwa. Na ile valvu ya usalama yenye pete, inayoachia upepo presha ikizidi, usiizibe hata kama inavuja, badilisha.

Kompresa za petroli nimezitumia mahali pasipo na umeme. Zina nguvu, ila ni za nje tu, moshi wake ni sumu ndani ya chumba. Za skrubu, zinazobana upepo kwa skrubu zinazozunguka badala ya pistoni, ni za karakana zinazohitaji upepo saa zote bila kukatika. Kwa fundi wa peke yake naona ni mzigo.

Kwa mtu wa matairi na vumbi, ile ndogo isiyo na oili inatosha na hakuna haja ya kutafuta zaidi. Kwa anayepaka rangi, soma kwanza kifaa chako kinakula lita ngapi kwa dakika, kisha tafuta kompresa ambayo lita zake halisi, kwenye presha ya kazi, zinazidi hizo kwa angalau robo. Yangu kubwa inazidi kwa moja ya tano tu, na naliona hilo ninapopaka makabati marefu: karibu na mwisho inabidi nisimame kidogo. Mashine ya msasa ya upepo nayo imeishinda, kwa kuwa inakula zaidi ya lita 300 bila kuachia. Msasa naendelea kutumia mashine ya umeme.