Steshenari za Moshi zinazoandika maandiko ya ruzuku: lipia bajeti, usilipie Kiingereza

Kuanzia stendi kuu hadi Double Road, ni rahisi kukuta steshenari yenye karatasi mlangoni: "Tunaandika maandiko ya mradi." Wateja wake ni asasi ndogo, ya akina mama wa Pasua, ya wafuga nyuki wa Kahe, ya vijana wa Njoro, na wengi huingia na tangazo la mfadhili kwenye WhatsApp siku zikiwa zimebaki mbili au tatu. Tathmini hii ni ya huduma yenyewe, si ya duka moja.

Kwa kuchapa, kuskani na kuunganisha viambatisho: nne kati ya tano. Vijana wa kaunta wana kasi, na katiba ya kurasa 20 huisha ukiwa umesimama hapohapo. Kasoro ni mazoea ya kuskani kila kitu kwa rangi, dpi 300 (dpi ni kipimo cha ukali wa picha). Faili linafika megabaiti 40 na fomu ya mtandaoni inalikataa saa za mwisho. Waambie dpi 150, nyeusi na nyeupe, rangi ibaki kwa cheti cha usajili na kurasa zenye muhuri tu. Kila kiambatisho kiwe PDF moja yenye jina linaloeleweka, si "scan0047".

Kwa andiko lenyewe: mbili, na hiyo ni kwa wema.

Tatizo ni kwamba andiko moja huuzwa kwa wafadhili watatu wasiofanana. Ubalozi wa Japani, kwa mfuko wake wa miradi midogo ya jamii, hugharamia majengo, visima na vifaa. Mishahara na gharama za uendeshaji si kazi yake. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, inayoendeshwa kupitia UNDP, inataka mazingira: bioanuwai, ardhi, tabianchi, pamoja na mchango wa jamii wenyewe, wa fedha au wa nguvu kazi. Foundation for Civil Society inaegemea zaidi uwajibikaji na ushiriki wa wananchi. Sasa mradi wa mizinga ya nyuki ukiwa na mshahara wa mratibu miezi 12, kwa Wajapani umeanguka kabla ya kusomwa. Mwandishi wa kaunta hakosi lugha. Anachokosa ni dakika 20 za kusoma tangazo, maana analipwa kwa ukurasa.

Dalili za andiko la kunakili hazijifichi: wilaya isiyo yenu kwenye ukurasa wa sita, au faili ambalo sehemu ya mwandishi inaonyesha jina la asasi nyingine. Na tangu programu za akili bandia ziingie, kuna aina mpya, Kiingereza safi kisichotaja kijiji hata kimoja. Kabla hujalipa, tafuta ndani yake jina la kata, idadi ya wanufaika na jina la mtendaji mtakayefanya naye kazi. Vikikosekana, rudisha.

Kinachostahili fedha yako ni bajeti, na ndicho wanachokipa muda mdogo kuliko vyote. Mstari wa kawaida wa steshenari husomeka hivi: "Mafunzo ya ufugaji nyuki – 4,500,000." Ukiuchambua kwa washiriki 30 na siku 2, unapata chakula 30 × 2 × 10,000 = 600,000; nauli 30 × 2 × 5,000 = 300,000; ukumbi 2 × 100,000 = 200,000; mwezeshaji 2 × 150,000 = 300,000. Jumla 1,400,000. Hizo 3,100,000 zilizobaki hakuna anayeweza kuzieleza, na mtathmini akishaona mstari mmoja wa namna hiyo anaanza kuitilia shaka hata bei ya mizinga.

Kodi nayo husahaulika. Malipo ya mwezeshaji yana zuio la asilimia 5, yaani kodi mnayoikata kabla ya kumlipa: katika 300,000, shilingi 15,000 zinakwenda TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukimlipa yote mkononi, deni linabaki kwa asasi, na mfadhili hatalibeba. Kwa vifaa, chukua profoma (hati za bei kabla ya kununua) tatu kutoka maduka matatu tofauti, zenye TIN, tarehe na muhuri, na uhakikishe bei imejumuisha VAT ya asilimia 18 na kwamba duka linatoa risiti ya EFD. Profoma tatu zenye mwandiko mmoja zinaonekana hata ukiwa Dar es Salaam.

Viambatisho huangusha watu wengi kuliko maandiko mabaya. Cheti kinasema "Organization", akaunti ya benki imefunguliwa kwa kifupisho, TIN ina jina la tatu. Kwa anayekagua hizo ni taasisi tatu. Sahihisha benki kwanza, kwa muhtasari wa kikao wenye saini za wajumbe. Angalia pia tarehe ya cheti: tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, cheti cha NGO kina ukomo wa miaka 10. Hesabu zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Karatasi ya Excel yenye saini ya mweka hazina haitoshi.

Maduka mengine hutoza ili kukutafutia namba ya UEI, ya kuitambulisha taasisi, inayotakiwa kwa fedha za serikali ya Marekani. Namba hiyo ni bure kwenye SAM.gov, na ndiyo iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, Aprili 2022. Ugumu wake kwa asasi zetu ni anwani: S.L.P. haikubaliki kama mahali mlipo, unahitaji mtaa, namba ya jengo na postikodi, viandikwe vilevile kwenye nyaraka zote.

Bei? Kubali ya kazi nzima, iandikwe, nusu kabla na nusu baada ya kukabidhiwa. Anayetaka asilimia 10 ya ruzuku ikitoka, mkimbie. Gharama iliyofanyika kabla ya mkataba kwa kawaida hairuhusiwi, kwa hiyo kumlipa itabidi mstari fulani wa bajeti udanganye, na atakayejibu mbele ya mkaguzi ni mwenyekiti wenu.

Usikubali pia maombi yatumwe kwa barua pepe ya duka, hata kama mnatumia kompyuta yao. Mfadhili akiuliza swali, anajibu aliyetuma, na kijana wa kaunta huenda ameshahamia Himo. Akaunti ya mfumo wa maombi ifunguliwe kwa barua pepe ya asasi, nywila ibaki kwa katibu. Muda nao una mtego wake: 23:59 ya Tanzania ni saa 5:59 usiku, lakini ikiandikwa GMT ni saa 8:59 usiku wa kuamkia kesho. Duka limeshafungwa vyovyote vile, basi tuma mchana wa siku iliyotangulia, umeme ukiwepo.

Kabla ya kaunta, pita kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu. Haandiki andiko, ila anajua kama ripoti zenu za mwaka zimefika kwa Msajili wa NGO, na barua yake ya utambulisho ni bure. Ruzuku ikitoka mtarudi kwake tena, kwa sababu Kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Hilo hakuna steshenari inayokukumbusha.