Kiriba au trei kwa maua ya asili?

Kwa marejea, mmea wa maua wa jamii ya kunde, hakuna mjadala: kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche mmoja mmoja. Huteremsha mzizi mkuu chini haraka, na kuuhamisha kutoka kwenye trei ni kuukata. Mche husinyaa wiki nzima, mara nyingine haurudi. Mbegu yake ina ganda gumu. Imwagie maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, iache mpaka asubuhi. Zilizovimba ndizo za kupanda, mbili kwa kiriba, kina cha sentimita moja. Ikiota, ng'oa dhaifu.

Leonoti, lile ua la chungwa lenye vishada vya duara kama mipira yenye miiba, ni habari nyingine. Mbegu zake ni ndogo na haziamki pamoja, hivyo ukizitia kwenye viriba utamwagilia udongo mtupu. Trei inakuonyesha zilizoota. Funika kwa mchanga kidogo tu, hamisha zikipata majani halisi manne, usihesabu yale mawili ya kwanza ya mbegu.

Ubaya wa trei ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza miche. Shina hulainika usawa wa udongo, miche inalala kama iliyokanyagwa. Chanzo ni msongamano na maji ya jioni, mwagilia asubuhi. Usichote mchanga wa ziwani na kuutumia bila kuuosha na kuukausha juani.

Udongo wa kiriba: ndoo tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga, nusu ya samadi iliyooza. Samadi ikizidi, majani mengi, maua haba.

Mwanza, sia mwishoni mwa Agosti, vuli ikute miche tayari.