Uzoefu wangu na barabara za Mombasa: gari limepata njia, mwenye miguu bado anasubiri kuvuka

Nakaa upande wa bara wa barabara ya Malindi, ukishapita Bombolulu. Kazi yangu ni ushonaji, na cherehani yangu iko Majengo, kisiwani. Mama yangu anakaa Likoni. Gari sina, kwa hiyo wiki yangu yote ni matatu, tuktuk, feri na miguu. Wengi wanaozisifu au kuzilaumu barabara za Kaunti ya Mombasa wanazijua wakiwa nyuma ya usukani. Huu ni uzoefu wa anayeshuka na kuvuka.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo. Anayeikumbuka njia ya zamani ya Makupa, kati ya kisiwa na bara, iliyojazwa mawe na udongo mpaka maji ya bahari yakakosa pa kupita, akipita leo juu ya daraja lililofunguliwa 2022 ataiona tofauti: juu magari yanakwenda, chini maji yanakwenda. Barabara ya kuelekea Mariakani imepanuliwa. Ukitokea Miritini unashika njia ya Dongo Kundu, unavuka daraja la Mwache na lile la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, unatokea Kibundani upande wa Kwale bila kuiona feri ya Likoni. Shemeji yangu alitupeleka harusini Ukunda kwa njia hiyo, na njia nzima watoto walikuwa wakiuliza feri iko wapi. Mtaani kwetu nako, vichochoro vilivyokuwa matope kila masika sasa vimetandikwa kabro, yaani matofali ya zege.

Kwa mwenye gari, basi, hongera zinastahili. Shida yangu inaanza pale gari linaposimama.

Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Matatu inayotoka mjini kwenda Mtwapa inashusha upande wa bara, ambao ndio upande wangu. Jioni nashuka, natembea, nimefika. Asubuhi ndiyo kazi, kwa sababu gari la mjini linapatikana upande wa bahari. Jirani zangu wa upande wa bahari mambo yao ni kinyume: wao wanavuka jioni, giza limeshaingia, wamechoka na mifuko mikononi. Ukitaka kupanga nyumba kando ya barabara hii, kabla hujauliza habari za maji na kodi, uliza utakuwa unavuka saa ngapi.

Kuvuka kwenyewe kumebadilika tangu barabara ianze kupanuliwa. Zamani ilikuwa lami nyembamba yenye foleni, na foleni kwa mwenye miguu ni usalama: magari yamesimama, unapenya katikati yake. Lami ikipanuka, gari linapata mbio. Nilikaa nikapiga hesabu hii kwa sababu ya mama, na naiweka hapa ili na wengine waione. Njia moja ya gari ina upana wa mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo njia mbili za kwenda upande mmoja ni mita saba. Mimi nazivuka kwa sekunde sita. Mama, na goti lake, anahitaji tisa. Gari la kilomita 50 kwa saa, kasi ya juu kabisa ambayo sheria inaruhusu ndani ya mji, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Katika zile sekunde tisa limeshakula mita 125. Likiwa linakwenda 80, limekula mita 200, urefu wa viwanja viwili vya mpira. Yaani mama akanyage lami pale tu anapoona barabara tupu viwanja viwili mbele yake, na hapo ni upande mmoja. Akifika katikati anaanza upya na magari ya upande wa pili. Usiku mtu wa miaka sabini halioni gari lililo mbali hivyo. Anaona taa mbili, na taa hazimwambii mwendo.

Tena kugongwa hakulingani. Kasi ikiongezeka maradufu, kutoka 30 hadi 60, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva anayeniambia "nimeongeza kidogo tu" hanielewi ninapokasirika. Kila mwaka barabara za Kenya zinaua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote ni la waliokuwa wakitembea kwa miguu.

Kwa hiyo mama akija kwangu, asubuhi ya kumrudisha hatuvuki. Tunasimama upande wetu wa bara, tunapanda matatu ya Mtwapa, tunafika nayo mwisho, inageuka, tunarudi nayo mpaka mjini. Nauli inakuwa ya kwenda na ya kurudi, na asubuhi karibu yote inaishia hapo. Makanga wa kwanza niliyemweleza alidhani tumepotea njia. Nikamwonyesha barabara, nikamwonyesha goti la mama, akanyamaza, akampisha kiti cha mbele. Lakini inaniuma kwamba kuvuka barabara, jambo ambalo lingekuwa bure, tunalinunua.

Kuhusu vivuko nina msimamo, na nitausema wazi. Madaraja ya juu ya waenda kwa miguu yanapendeza kwenye picha, lakini ngazi zake zinawachuja watu. Mwenye goti hapandi, mwenye mkokoteni hapandi, mwenye kiti cha magurudumu ndiyo kabisa. Hao wote wanabaki chini na magari. Pale palipojengwa ukuta wa zege katikati ya barabara bila mwanya, watu wanauruka. Nimewaona wanafunzi wakirusha mabegi kwanza, kisha wanafuata wao, na mdogo kuliko wote anavutwa mkono. Kivuko ninachokipa alama za juu ni kile cha chini: tuta pana lililoinuliwa, limepakwa rangi, gari linalazimika kupunguza mwendo hata dereva asipotaka, na katikati pana nafasi ya kusimama mtu na mkoba wake na mtoto wake. Nikikipata cha namna hiyo nakitumia hata kama kinanirudisha nyuma kidogo.

Sehemu nyingine ya huduma hii ni mahali pa kushushiwa. Ramani inaonyesha steji, lakini steji ya kweli ni pale makanga anapogonga bodi. Juzi tulikuwa na mama tukitoka kisiwani.

"Kaka, tushushie stejini, nina mzee."

"Dada, mbele kuna trafiki, shukieni hapa hapa."

"Hapa ni mtaro. Bi mkubwa atashukaje?"

Dereva alisikia, akasogea mpaka stejini bila neno. Wengi wakiombwa kwa heshima na mapema wanasogea. Nimejifunza kusema kabla gari halijapunguza mwendo, na kukaa karibu na mlango nikiwa na mzee au mtoto. Mtaro wa wazi kando ya barabara ni hatari ambayo haihesabiwi popote: kifuniko kimoja kikiibwa, anayetembea anashuka kwenye lami, na hapo ndipo bodaboda inapompitia, mara nyingi ikitokea upande usio wake.

Giza nalo lina wenyewe. Hoteli za Bamburi na Shanzu ziko upande wa bahari. Wafanyakazi wengi wanalala upande wa bara. Zamu ya usiku ikitoka, wapishi na wahudumu wanavuka barabara ile ile, wengi wamevaa suruali nyeusi na shati la giza. Penye mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti mrefu, inayowaka panavukika. Taa moja ikizima, pale chini panabaki shimo la giza ambalo dereva aliyetoka kwenye mwanga haoni kitu ndani yake. Wifi yangu anafanya kazi jikoni katika hoteli mojawapo. Nilinunua utepe wa riflekta, ule unaoshonwa kwenye vizibao vya bodaboda, nikaushona kwenye mkoba wake mbele na nyuma, na kipande kingine kwenye ukingo wa mtandio wake. Usiku mmoja nilimsubiri ng'ambo nikamtazama akija. Taa za gari zilipompiga, utepe uliwaka kabla sijatambua kama kuna mtu. Gari likapunguza. Tangu hapo wenzake wananiletea mikoba. Ni kitu cha bei ndogo na nakipendekeza bila wasiwasi, ila hakiondoi haja ya taa.

Sasa tuta la mtaani. Kabro ilipokuja tulifurahi wote, kisha tukagundua kwamba barabara laini bila matuta ni mwaliko wa mbio. Watoto wanacheza pale, madrasa iko pale. Wazee wa mtaa wakaandika barua, mimi nikaipeleka. Ofisi ya kwanza ikasema barabara si yao. Ya pili ikasema ni yao lakini matuta hushughulikiwa kwingine. Nikarudi kwa ya kwanza. Huku na huku nikaelewa jambo ambalo kila mkazi angepaswa kuelezwa mapema: lami zetu zina wenyewe tofauti. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), barabara za kitaifa za mijini chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), na za kaunti, pamoja na taa za barabarani, ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kwa hiyo unaweza kusimama mahali pamoja, lami uliyoikanyaga ni ya huyu na taa iliyozimika juu ya kichwa chako ni ya yule. Ukiandika "barabara yetu ni hatari" barua inazunguka. Ukiandika jina la barabara, alama ya karibu, na kitu kimoja unachokitaka, ukaambatanisha picha na kumpa nakala mwakilishi wadi, inapata pa kutua. Tuta letu lilikuja. Lilikuja bila rangi, likakaa hivyo hadi kijana wa bodaboda akaanguka usiku, ndipo wakazi wakachanga wakanunua rangi. Tuta lisiloonekana usiku ni mtego kwa mwenye pikipiki.

Tuktuk au bodaboda? Kwa safari za mtaani nachagua tuktuk kila nikiweza. Inakwenda polepole, ina bodi, na naangalia iwe imezibwa kwa chuma upande wa kulia ili mtoto asishukie barabarani. Bodaboda napanda nikibanwa, na sheria iko upande wangu: abiria mmoja, kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria. Asiye na kofia ya pili namwacha aende. Kofia bila mkanda uliofungwa chini ya kidevu haina kazi, itaruka kabla yako.

Feri ina mambo yake. Kuvuka Likoni kwa miguu ni bure, usiku na mchana, na watu kama 300,000 wanavuka kwa siku. Kwa huduma ya bure inayobeba umati huo, naisifu. Lakini sisi wa Likoni hatuwezi kupanda feri bila kukumbuka tarehe 29 Aprili 1994, MV Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa, kwa hiyo msongamano langoni haunifanyi niharakishe hata nikichelewa kazini. Ninachokiogopa zaidi ni ule mteremko wa kushukia majini, magari mazito yakiwa nyuma na watu mbele. Natembea ukingoni, mama akiwa upande wa ndani, na sisimami kamwe mbele ya lori hata kama limezimwa.

Lori na trela nazitaja pia kwa wenzangu wa Changamwe na Miritini, kwa sababu bandari inazileta mlangoni kwao. Dereva wa trela anakaa juu, upande wa kulia. Aliye karibu na kichwa cha gari upande wa kushoto, dereva hamwoni. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Wafundisheni watoto hilo kabla ya kuwafundisha kukimbia.

Nikitoa nyota, mtandao wa barabara wa kaunti hii naupa nne kwa mwenye gari na mbili kwa mwenye miguu. Ya kwanza kati ya hizo mbili ni ya feri, ya pili ni ya kabro. Zitapanda siku mama atakapoweza kuvuka kwenda upande wa bahari na kupanda matatu ya mjini moja kwa moja. Kwa sasa tunafuatilia taa ya steji yetu. Barua tumeipeleka tena, safari hii ikiwa na picha mbili, ya mchana na ya usiku, na namba iliyoandikwa kwenye mlingoti.