Porseleni 60 kwa 60 ya kung'aa: sebuleni sawa, bafuni hapana

Karibuni tena jamani. Leo nipo na hiki kigae cha sakafu, porseleni ya kung'aa, sentimita 60 kwa 60. Pembeni nina kigae cha kawaida cha ukutani, tuvilinganishe.

Dukani usihangaike na maua yake kwanza. Kigeuze. Namwaga maji kidogo mgongoni, sogeza kamera hapa. Mmeona? Cha ukutani kimeyanywa, pamebaki doa tu. Kwenye porseleni maji yametulia vilevile. Kwa viwango vya kimataifa, porseleni hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na vigae vingi vya ukutani huzidi asilimia 10. Kimechomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, kikashikana.

Sasa hapo ndipo mafundi wengi wanapotuponza. Mgongo usionyonya maji haushikani vizuri na saruji tupu. Fundi akikwambia "saruji inatosha, bosi," mwambie unataka gundi ya porseleni. Ndiyo, inaongeza gharama. Nunua.

Kwa sebule nakipa alama zote: mwanga wa dirishani unatanda, kufagia ni dakika mbili, wino haukai. Ila nikikimwagia maji ya sabuni hivi, oneni kiganja kinavyoteleza. Wewe una bibi au mtoto nyumbani, unakipeleka bafuni cha nini? Bafuni na barazani chukua chenye ukwaru, hata kama hakipendezi kwenye picha.

Hesabu ni rahisi. Boksi lina vigae 4, mita za mraba 1.44. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinakula boksi 9, lakini kuna vya kukata na vya kuvunjika, kwa hiyo beba 10. Zote siku moja! Soma namba ya rangi ubavuni mwa boksi, zifanane. Toleo likibadilika, rangi nayo inapishana kidogo, na jua la jioni halifichi kitu.

Fundi akishamaliza na gundi ikakauka, usimpe salio kwanza. Pita na sarafu ukigonga kimoja kimoja, kati na kwenye pembe. Kinacholia uwazi kimewekewa madonge badala ya gundi kutandazwa yote. Siku ukiangusha mchi hapo kinapasuka. Kitolewe, kirudiwe, ndipo mlipane.