Tahadhari kwa wanaojiandaa kwenda Istanbul kupandikiza meno

Ndugu zangu, naandika nikiwa natibiwa upya taya la chini hapa Dar es Salaam, miezi tisa baada ya kurudi kutoka Uturuki na meno niliyoahidiwa kuwa ni ya maisha. Jina la kliniki silitaji, kwa sababu mtindo huu si wa kliniki moja. Pia sisemi kwamba Uturuki hakuna madaktari hodari, kwani wapo. Ninachotahadharisha ni biashara ya mawakala wanaouza "meno ya kudumu ndani ya siku 7", pamoja na hoteli na gari la kukupokea uwanja wa ndege.

Wakala wangu alinipata kwa WhatsApp. Aliomba picha ya kinywa niliyoipiga kwa simu, na kwa picha hiyo pekee akanipangia vipandikizi vitatu na kudai malipo ya awali ya euro 500 ambayo hayarudishwi. Nilipofika, daktari niliyeonyeshwa hakuwapo. Mwingine alinitazama kwa muda mfupi sana, akasema vipandikizi vinavyohitajika ni vitano, na kwamba meno yangu sita yaliyokuwa mazima lazima yavishwe kofia ili rangi zilingane. Nilisaini karatasi ya Kituruki nisiyoielewa. Tiketi ilikuwa imelipwa, fedha zilikuwa zimetoka, na mtu aliyelazwa kitini akiwa ameachama chini ya taa hana ubavu wa kubishana. Meno yale sita yalisagwa hadi yakabaki vijiti vyembamba, na ganda gumu la jino likishasagwa halioti tena.

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, ndiye aliyeonyesha kwamba mfupa huishika titani na kuungana nayo, lakini muungano huo kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6. Mfupa ukiwa imara, daktari anaweza kuweka meno ya muda mapema, ila ya kudumu husubiri, na ndiyo maana matibabu ya kweli mara nyingi huhitaji safari mbili. Mimi nilifungiwa ya kudumu siku ya sita. Mwezi wa tatu kipandikizi kimoja kilianza kucheza nikitafuna, na ufizi ukawa unatoa usaha.

Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Daktari wangu wa nyumbani alitaka kulifungua jino lililofungwa juu ya kipandikizi hicho ili asafishe, akajaribu bisibisi moja baada ya nyingine, na hakuna iliyoingia, kwa kuwa kila mtengenezaji ana vichwa vyake vya skrubu na vipuri vyake. Akaniuliza kadi ya vipandikizi, yaani kadi inayobandikwa stika zinazotoka kwenye pakiti, zenye jina la mtengenezaji, kipenyo, urefu na namba ya bechi. Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni risiti iliyoandikwa "matibabu ya meno" na jumla ya fedha. Nilipomwandikia wakala, alisoma ujumbe kisha akanifungia. Na ile dhamana ya maisha, nilipoisoma kwa utulivu, ilinitaka nirudi kwa nauli yangu, halafu kliniki yenyewe ndiyo iamue kosa ni la nani.

Kwa hiyo, kabla hujatuma hata senti, anza kwa daktari wa meno wa hapa akupime fizi na mfupa. Huko uendako, kataa mpango wowote uliotolewa bila picha ya mfupa ya pande tatu. Nchini Uturuki, kliniki inayotibu wageni na wakala anayewapeleka wagonjwa wanapaswa kuwa na kibali cha Wizara ya Afya cha utalii wa tiba. Omba namba ya kibali hicho na uihakiki mwenyewe. Dai jina kamili la daktari atakayekushika na mkataba kwa lugha unayoisoma, na usilipe kwenye akaunti ya mtu binafsi. Wewe unayeugua kisukari, unayevuta sigara au unayetumia dawa za kuimarisha mifupa, ukiona hawakuulizi lolote kuhusu hayo, ondoka. Mimi sikuulizwa swali hata moja. Ganzi ikiisha na mdomo wa chini au kidevu bado havina hisia, waambie siku hiyohiyo, kwa sababu huenda mshipa wa fahamu wa taya umeguswa. Na usitoke kwenye jengo lao bila kadi yenye stika zako mkononi.

Nimehifadhi mkataba, risiti na mazungumzo yote na wakala. Mwenye safari ya karibu aniandikie kabla hajalipa, nimwonyeshe, alinganishe na karatasi alizopewa yeye.